Turudishieni daftari: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa mashirika ya Kikristo

Wapendwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi, na ninyi nyote mnaopitisha bajeti za kazi inayofanywa kupitia makanisa,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni katibu wa kamati ya huduma katika kanisa moja la mahali pamoja. Tuko tisa: mashemasi wanne, kina mama wanne na mimi. Hatulipwi. Kazi yetu ni kujua nani anaumwa, nani amefiwa, nani ametolewa vyombo nje na mwenye nyumba, mtoto yupi haonekani shuleni, kisha kuhakikisha kuna mtu anayefika. Nawaandikia kwa sababu kazi hiyo tulikaribia kuipoteza, na tuliipoteza kidogo kidogo ndani ya miaka mitatu ambayo shirika moja la Kikristo lilikuwa nasi likitusaidia kuifanya.

Shirika hilo silitaji. Waliokuja kwetu walikuwa watu wema, waombaji, wachapakazi, na baadhi yao bado tunasalimiana. Ningekuwa na ugomvi na mtu mmoja ningemfuata faraghani, kama Bwana alivyoagiza. Lakini nimezungumza na makatibu wa makanisa mengine, na kisa chao kinafanana na changu hadi kwenye maneno. Kwa hiyo jambo hili liko katika namna mnavyopanga kazi, na hapo ninyi ndio wenye kalamu.

Tulikuwa na daftari. Daftari kubwa la jalada gumu, lililofungwa kwa mpira kwa sababu uti wake ulikuwa umeachia. Lilikuwa na safu tano. Jina la mwenye nyumba. Mahali anapoishi. Tarehe aliyotembelewa mara ya mwisho. Aliyemtembelea. Na safu ya tano, pana kuliko nyingine zote, iliyoandikwa juu yake "Mengineyo".

Hiyo safu ya Mengineyo ndiyo iliyokuwa huduma yenyewe. Nawapa mistari michache ninayoikumbuka, bila majina: "Hasikii sikio la kushoto, kaa kulia kwake." "Usimtaje mwanawe mkubwa mpaka amtaje yeye." "Husema amemeza dawa. Hesabu vidonge." "Si muumini wetu, hapendi kuombewa kwa sauti. Anapenda kusomewa barua zake." "Akicheka sana ujue siku hiyo hali si nzuri." Kina mama ndio waliokuwa wakijaza sehemu hiyo, mmoja wao kwa penseli kwa sababu alisema mambo ya watu hubadilika. Shemasi mpya alipoingia kamatini, hatukumpa semina. Tulimpa daftari akalale nalo wiki nzima, halafu akafuatana na mama mmoja nyumba kwa nyumba.

Shirika lilipokuja lilituletea vitu tulivyovihitaji kweli, na sitaki kuvificha. Kulikuwa na fedha za ada za watoto. Kulikuwa na mafunzo ya kuwahudumia wagonjwa majumbani ambayo hadi leo tunayatumia. Kisha vikaja vishikwambi vinne na fomu yenye maswali 42. Kila nyumba iliingizwa humo: idadi ya watu, umri, jinsia, aina ya paa, chanzo cha kipato, kama kuna yatima, kama kuna mjane. Nafasi ya Mengineyo haikuwepo. Nilimuuliza afisa mradi, akanijibu kwa upole kabisa kwamba maelezo marefu hayawezi kujumlishwa.

Hakuna mtu anayeandika jambo moja mara mbili. Baada ya miezi mitano daftari lilikuwa halijafunguliwa. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa chini ya boksi la fulana za mradi. Ukarabati wa ofisi ya mchungaji ulipofanyika, lilitolewa pamoja na makaratasi mengine, na hakuna aliyegundua mpaka tulipolihitaji.

Mwaka wa tatu mradi ukafungwa. Ibada ya shukrani ilikuwa nzuri, watu walilia. Vishikwambi vilihesabiwa vikawekwa kwenye mkoba. Nikaomba nakala ya orodha. Jibu lilikuja kwa barua pepe baada ya wiki tatu: taarifa za walengwa ni mali ya mradi, na kwa ajili ya kulinda usiri wao haziwezi kutolewa kwa mtu wa nje.

Nilikaa na neno hilo, "mtu wa nje", siku nyingi. Wale walengwa ni sisi tuliowapeleka. Tulibisha hodi, tukawaambia, "Msiogope, hawa ni ndugu zetu." Wakafungua kwa sababu walitufahamu.

Kulikuwa na mzee mmoja anayeishi peke yake. Katika fomu hakuwa mjane, hakuwa yatima, hakuwa na mtoto chini ya miaka 18, na paa lake lilikuwa zima. Mfumo ulimpa alama ndogo, akawa hayumo kwenye mpango wa kutembelewa. Katika daftari alikuwa ukurasa wa nne, na mstari wake ulisema: "Atakwambia yuko sawa. Ingia ndani." Kwa kuwa ratiba yetu sasa ilitoka kwenye kishikwambi, miezi miwili na nusu ilipita bila mtu kwenda. Siku mama mmoja wa kamati alipomkumbuka, akiwa katikati ya ibada, alitoka kabla ya mahubiri kwisha. Alimkuta sakafuni. Alikuwa ameanguka usiku wa kuamkia Ijumaa, nyonga imevunjika, na ile ilikuwa Jumapili. Amepona, anatembea kwa kushikilia. Lakini alimwambia yule mama neno ambalo sijaweza kulisahau: "Nilidhani mmenifuta."

Hamkumfuta ninyi. Tulimfuta sisi, kwa kuacha kuandika. Ndiyo sababu naliita hili jambo letu sote.

Ndugu zangu, kutunza majina ya wahitaji ni kazi ambayo kanisa liliifanya kabla halijawa na jengo hata moja. Manung'uniko ya kwanza kuhusu mgao, katika Matendo sura ya 6, yalihusu hasa nani yumo na nani amerukwa: wajane wa waumini waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kuichukua kazi hiyo mikononi mwao. Badala yake waliliita kusanyiko lote na kuwaambia wachague wenyewe watu saba. Yasomeni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Upande uliokuwa ukirukwa ndio uliokabidhiwa ugawaji. Nimeisoma sura hiyo tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na sikuliona hilo hadi mwaka ule tulipobaki mikono mitupu.

Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaongea wazi kabisa juu ya kuandika wajane: umri usiopungua miaka 60, sifa ya matendo mema, na kwanza ijulikane kama mjane ana watoto au wajukuu, ili hao wamtunze na kanisa lisilemewe. Hiyo ni sera ya huduma, na imeandikwa na mtu aliyejua kwamba fungu lina mwisho. Lakini angalieni inachodai. Huwezi kujua kama mama ana mjukuu mwenye uwezo, na kama huyo mjukuu kweli humjali, usipokuwa mtu wa karibu. Hakuna swali la fomu litakalokupa jibu hilo, kwa sababu mama mwenyewe atamsitiri mjukuu wake.

Mwaka 251, Kornelio askofu wa Roma alimwandikia mwenzake Fabio wa Antiokia, na Eusebio akatuhifadhia sehemu ya barua hiyo katika historia yake ya kanisa. Kornelio anataja hesabu ya kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1,500. Mateso ambayo Kaisari Desio aliwaletea Wakristo yalikuwa ndiyo kwanza yamepita. Kanisa lile lilikuwa limepoteza askofu wake na kugawanyika lenyewe kwa lenyewe, lakini lilijua lina wahitaji wangapi. Miaka saba baadaye, mapokeo yanasimulia, shemasi Laurenti wa kanisa hilohilo aliamriwa akabidhi hazina ya kanisa, naye akawakusanya maskini na kuwaleta. Kila mhubiri hupenda kisa hicho. Mimi kama katibu naona jambo moja zaidi: asingeweza kuwakusanya ndani ya siku chache kama hakujua kila mmoja anakaa wapi.

Na haikuwa orodha ya waumini peke yao. Kaisari Juliani, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, alilalamika katika karne ya 4 kwa mmoja wa makuhani wake wa kipagani kwamba hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawatunza maskini wao na wa wengine pia. Nataja hili kwa ajili ya wale kati yenu mnaoogopa kwamba kanisa likiachiwa orodha litawaandika watu wake tu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Nitarudi hapo.

Ninyi wenyewe mmekwisha kuandika mambo mazuri. Katikati ya karne ya 19, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani, wote wawili viongozi wa vyama vya umisheni, walifundisha kwamba kanisa linapaswa kujitawala, kujitegemea na kujieneza lenyewe. Mkutano wa Lausanne wa 1974, wa uinjilisti wa dunia, ulikiri kwamba uinjilisti na wajibu kwa jamii vyote ni sehemu ya kazi ya Mkristo. Tamko la Mika la 2001, la mashirika ya Kikristo yanayohudumia maskini, likaviunganisha zaidi, likaliweka kanisa la mahali pamoja mbele. Nje ya duara la makanisa, mwaka 2016 wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada walikubaliana kwamba hadi 2020 asilimia 25 ya fedha za dharura ziwafikie watendaji wa nchi husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Siwatajii haya ili kuwaaibisha. Nataka tu tuanzie mahali pamoja: hakuna kati yenu anayesema kwa mdomo kwamba kanisa ni mlango wa kupitia. Ila mpango kazi husema.

Basi niseme ninachoomba.

Kabla hamjaandika andiko la mradi, mtumeni mtu mmoja aketi katika vikao vitatu vya kamati ya huduma ya kanisa mnalotaka kushirikiana nalo. Vitatu, si kimoja, kwa maana katika kikao cha kwanza tutakuwa tunamkaribisha mgeni na hatutasema lolote la maana. Asije na fomu wala kamera. Asikilize jinsi tunavyogombana juu ya nani apewe nini. Akimaliza, aulize swali moja: ni kitu gani mnachokifanya tayari ambacho mngekifanya vizuri zaidi mkisaidiwa? Makanisa mengi hayajawahi kuulizwa hivyo. Huulizwa mahitaji yenu ni yapi, nasi tumejifunza kutaja yale tunayojua mnayo fedha zake.

Orodha ibaki kwetu. Iandikwe hivyo katika makubaliano, kifungu chake peke yake, kwamba majina ni ya watu wenyewe na yanatunzwa na kanisa lao. Mkihitaji takwimu za ripoti, chukueni idadi: nyumba ngapi, wazee wangapi, watoto wangapi wamerudi shule. Kama ni lazima mwingize majina katika mfumo wenu, basi siku mradi unapofungwa nakala kamili ikabidhiwe mbele ya wazee wa kanisa, na ile ya kwenu ifutwe. Kulinda usiri wa watu ni jambo ninalolipenda. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka imani ya dini na hali ya afya katika kundi la taarifa zinazostahili ulinzi wa pekee, na naona walifikiri vema. Lakini usiri haulindwi kwa kumpeleka mtu mbali na jirani zake na kumweka karibu na watu asiowafahamu.

Hapa sina budi kukiri upande wetu. Daftari letu lilikuwa likikaa juu ya meza ya ofisi, wazi. Mtu yeyote aliyengoja kuonana na mchungaji angeweza kusoma nani anameza dawa gani. Miaka yote ile haikutujia akilini kwamba hilo ni kosa. Afisa mradi ndiye aliyetufungua macho, na tunamshukuru. Angetununulia kabati lenye kufuli na kutufundisha nini kisiandikwe, tungekuwa na daftari mpaka leo.

Naye mweka hazina wetu wa zamani alikuwa mtu mwaminifu, lakini mahesabu yake yalikuwa kichwani. Alipougua ghafla hatukujua fungu la wahitaji lina kiasi gani. Zaidi ya hapo, niseme lililo gumu kusema: kwenye daftari kulikuwa na nyumba mbili ambazo hazikustahili kuwemo. Ziliingia kwa sababu ya undugu na mzee mmoja wa kanisa, na sote tulijua, na sote tulinyamaza. Na katika miaka mingi ya nyuma, waliokuwa nje ya ushirika wetu waliandikwa mwisho, nafasi ikibaki. Kwa hiyo anayesema makanisa hayaaminiki na fedha hasemi uongo mtupu.

Dawa yake iko katika Maandiko yetu wenyewe, na ni dawa ya kiofisi kabisa. Paulo alipochanga kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakubeba mchango peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito alikwenda ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili asafiri na karama hiyo, kusudi mtu asije akawalaumu; kwamba inapasa kuangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Saini mbili. Shahidi asiye ndugu yako. Stakabadhi. Kikao ambacho hesabu zake husomwa kwa sauti mbele ya waumini wote. Tusaidieni hapo! Tulipieni mhasibu aje siku mbili kila robo mwaka, atufundishe na kutukagua. Tufundisheni kuwalinda watoto: kwamba asiende mtu mmoja peke yake kumtembelea mtoto, kwamba malalamiko yana njia isiyopita kwa mchungaji pale anayelalamikiwa akiwa mchungaji mwenyewe. Mambo haya hayapendezi kwenye kipeperushi cha kuchangisha, nalijua hilo. Hayana picha.

Kuhusu picha, neno moja. Kanuni za mwenendo ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliziandaa mwaka 1994 zina vipengele kumi, na cha kumi kinataka waliopatwa na maafa waonyeshwe kama watu wenye heshima yao, si kama vitu visivyo na tumaini. Mama mmoja wa kanisa letu alipigwa picha akiwa kitandani siku aliyokuwa na homa. Alikubali kwa sababu sisi tulisimama hapo, naye hakutaka kutuangusha. Anapoomba ruhusa mtu aliyekuletea msaada, "ndiyo" haina uzito wake. Mpeni mtu wiki moja ya kufikiri, na aulizwe na mtu ambaye hagawi chochote.

Kanuni hizohizo zinasema msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na utolewe kwa kuangalia uhitaji peke yake. Baadhi ya wachungaji husikia hapo wakidhani wanaambiwa wamwache Kristo mlangoni. Mimi sisikii hivyo. Yule asiyependa kuombewa kwa sauti, anayesomewa barua zake, hajawahi kuulizwa lini ataokoka, na anajua vizuri sana kwa nini tunakuja. Siku moja alituuliza mwenyewe. Tulimjibu tulichoamini, akanyamaza, tukaendelea na barua. Wiki iliyofuata tulirudi, kama tulivyokuwa tumeahidi kabla hajauliza.

Sasa niseme juu ya posho, maana hapa ndipo penye kidonda. Wakati wa mradi, kila aliyetembelea nyumba na kujaza fomu alipewa posho ya usafiri. Haikuwa fedha nyingi. Nia ilikuwa nzuri: watu wetu wana shida zao, na si haki wafanye kazi ya shirika kwa gharama zao. Mradi ulipokwisha posho ikakoma, na kati ya kina mama wanne wawili waliacha kutembelea. Siwalaumu hata kidogo. Kwa miaka mitatu tuliwafundisha kwamba ziara ni kazi yenye bei, na bei ilipoondolewa waliona, kwa haki kabisa, kwamba kazi imekwisha. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akiandika kwa penseli. Alikuwa ametembea kwenye nyumba zile miaka kumi na mmoja kabla ninyi hamjafika. Alirudi, lakini ilichukua muda, na alirudi akiona aibu ambayo haikuwa yake.

Msinielewe kwamba watu wafanye kazi bure ili shirika liokoe fedha. Kama ziara ni ya kwenu, kwa ajili ya tafiti na ripoti zenu, mlipeni mtu kama mfanyakazi na mumwambie wazi kwamba ni ajira yenye mwisho. Kama ziara ni ya kanisa, iacheni iwe ya kanisa, na mkitaka kusaidia, fungu liingie kwenye kamati, nayo kamati iamue nani arudishiwe nauli. Msichanganye hizo mbili katika mtu mmoja. Moyo wa mtu hauwezi kubeba vyote viwili kwa muda mrefu.

Vilevile acheni sehemu ya fedha bila jina. Kila fungu tulilopokea lilikuwa na kundi lake: hili la yatima, hili la wajane, hili la vijana wasio na ajira. Yule mzee wa ukurasa wa nne hakuwa na kundi. Kanisa la Antiokia, liliposikia kwamba njaa inakuja, lilichanga kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, likapeleka kwa wazee wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Luka hataji masharti yoyote ya mgao. Walijua wazee wa kule wanawajua watu wa kule.

Muda nao ni mfupi mno, ingawa najua hilo hamliamui peke yenu. Mradi wa miaka mitatu hutumia mwaka wa kwanza kufahamiana na wa tatu kuagana.

Sikuandika haya kwa hasira. Nawaandikia nikiwa na hamu ya kufanya kazi na ninyi tena. Tunahitaji mafunzo ya wauguzi wenu, wahasibu wenu, hata vishikwambi vyenu, maana mashemasi vijana wanaandika kwa vidole haraka kuliko kwa kalamu. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, mazishi yalikuwa yakisambaza ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani liliandaa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima kwa kushauriana na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu. Wataalamu walijua namna virusi vinavyosambaa. Viongozi wa dini walijua ni nini familia haiwezi kukiacha. Walihitajiana kweli, na hakuna aliyegeuzwa kuwa msaidizi wa mwenzake. Naamini hata katika siku za kawaida tunaweza hivyo.

Sisi tumenunua daftari jingine. Jalada lake ni la buluu, linafungiwa kabatini, ufunguo uko kwa watu wawili. Tulianza kwa kumbukumbu, tukiwa tumekaa duara, kila mmoja akitaja nyumba anazozikumbuka. Tulishangaa tulivyosahau. Kuna familia moja ambayo sote tunakumbuka watoto wake watatu, tunakumbuka mdogo alikuwa na kigugumizi, lakini hakuna anayekumbuka walihamia wapi. Wamo katika vishikwambi vyenu. Ukurasa wao tumeuacha wazi.

Safu ya tano tumeipanua zaidi. Jumapili iliyopita nililifungua kunakili idadi ya nyumba kwa ajili ya kikao cha wazee, nikasoma mstari wa mwisho. Ni wa mama mmoja aliyehamia jirani wiki mbili zilizopita na mtoto mchanga, hatujui alikotoka wala anasali wapi, kama anasali. Umeandikwa kwa penseli: "Amenipokea mlangoni. Hajataka kusema kitu bado. Nirudi Alhamisi."

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,

Katibu wa kamati ya huduma